Ala ya Kifuani

Aline mwanangu,

Nimekusikia ukikohoa mara moja kupitia ukutani, na tangu hapo nimekaa nikisubiri kikohozi cha pili. Hakijaja. Nimejiambia ni vumbi la begi lako jipya, au ni pilipili ya Mama Noella. Lakini unanijua. Moyo wangu ukishashika hofu hauiachii mpaka upate hofu nyingine ya kushika badala yake.

Kama tungekuwa tumekaa pamoja sebuleni, ningekwambia haya kwa mdomo. Lakini tangu mwenzako wa kazini aambukizwe korona umejifungia chumbani, unakula peke yako. Unaogopa kunipa ugonjwa ambao mapafu yangu hayataubeba, na unaogopa kipimo kisije kikakuzuia kupanda ndege. Mimi na wewe sasa tunazungumza kupitia mlango uliofungwa. Na haya ninayotaka kukuambia hayasemeki kwa kupaza sauti, tena na mtu ambaye akisema maneno machache lazima arudi kuvuta pumzi kwenye mashine ya oksijeni. Kwa hiyo naandika. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako kabla hujalala, pamoja na kitu kingine nitakachokueleza mbele.

Sikuandikii habari za soksi, wala za sala, wala za kunipigia simu. Hayo unayajua na umeshayachoka. Nakuandikia juu ya ala ya bastola. Usicheke. Wanawake wenzangu wa kanisani huwaandikia watoto wao wanaoondoka habari za ndoa na marafiki wabaya. Mimi naandika juu ya mfuko wa kuvalia bastola na mahali pa kuuvaa mwilini, kwa sababu hakuna kitu kingine nilichokiogopa kama hicho tangu uliponiambia unaenda Alaska kuhesabu samaki.

Unakumbuka Mama Noella alivyokuja kutoka kwake Minto, huku huku Sydney, na sombe lake la majani ya muhogo la kukuaga. Alisimama uani na barakoa yake, wewe uko dirishani.

"Aline, ni kweli unavuka bahari kwenda kuhesabu samaki? Kwetu samaki tunawahesabu wakiwa kwenye sahani."

"Na wewe unawahesabu vizuri, auntie, mpaka wa sahani ya jirani."

Tulicheka wote, mimi nikaishia kukohoa. Kisha akakuuliza kuna nini kingine huko zaidi ya samaki. Ukasema kuna dubu, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema kuna mvua. Mama Noella akanigeukia. "Mama Aline, umesikia mtoto wako?" Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nasikia kila siku tangu siku uliyopata kazi. Panya wa miti akikimbia juu ya bati la nyumba yetu, mimi nasikia dubu. Lori la taka likipita alfajiri, nasikia dubu. Sijawahi kumwona dubu maishani mwangu, lakini najua uzito wa mnyama anapokuwa karibu kuliko inavyofaa.

Ulinieleza utaratibu wa kampuni yenu. Kila kundi linalolala porini lina makopo ya pilipili ya kumpulizia dubu, na kiongozi wa kundi anapewa bastola. Vibali vyote wameshughulikia wao, mafunzo mtapewa mkifika. Halafu ukaongeza, kwa fahari, kwamba kiongozi wa kundi lenu ni wewe. Mikono yangu iliingia ganzi. Ulidhani ni ugonjwa, ukanifunika shali. Haukuwa ugonjwa. Mimi pia niliwahi kuwa kiongozi wa kundi, na bastola ilikuwa yangu.

Kabla hujajifungia, tulijaribu begi sebuleni. Ulikuwa umelijaza kila kitu, hema na sufuria na nguo za baridi, na chupa ya sanitaiza ukaichukua badala ya bastola kwa sababu ulisema uzito unakaribiana. Nilikuuliza bastola utaiweka wapi.

"Kwenye begi, Mama. Mfuko wa juu." Ulijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako. Naandika kwa lugha yetu kwa sababu ndivyo nilivyokusikia.

"Kwa nini begini?"

"Kwa sababu kiunoni haikai. Tazama." Ukaichomeka chupa kiunoni, ukafunga mkanda wa begi juu yake, ukatembea kutoka kochi mpaka friji. Kabla hujafika ulikuwa umekunja uso. Ulikunja uso vile vile nilivyoukunja mimi miaka hiyo. "Umeona? Inanichimba mfupa. Siwezi kutembea siku nzima hivi."

"Na dubu akija?"

"Mama. Si bastola iligoma siku ile Papa alipokufa? Vitu hivyo hugoma siku unapovihitaji. Wewe mwenyewe umeniambia hivyo maisha yangu yote. Iwe kiunoni, iwe begini, kuna tofauti gani?"

Nilifungua mdomo nikuambie. Nikasema nina kizunguzungu, ukakimbia kuniletea maji.

Aline, haikugoma.

Nimeandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini, nikavuta pumzi kwenye mashine muda mrefu. Sasa naendelea, maana nikisimama tena sitarudi.

Unajua kwamba nilikuwa daktari wa wanyama katika hifadhi moja ya msitu, mashariki mwa Congo. Unajua kwamba baba yako, Mugisho, alikuwa mfuata nyayo, na kwamba nyati alimuua wewe ukiwa bado hujazaliwa. Unajua kwamba nilikuwepo, kwamba bastola niliyokuwa nayo ilikataa risasi ya kwanza, na ilipokubali tulikuwa tumechelewa. Yote ni kweli isipokuwa hilo la bastola kukataa.

Kundi letu lilikuwa mimi, baba yako, na wafuata nyayo wengine wawili. Tulikuwa tunaingia msituni kuangalia afya ya sokwe. Bunduki zilikuwa zimepungua kwa ajili ya vita, kwa hiyo tulipewa bastola moja. Haikuwa ya kuua. Ilikuwa ya kupiga hewani, maana nyati na tembo mara nyingi wakisikia mlio wanageuka. Ala yake ilikuwa ya jeshi, ya ngozi nene, iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanamume anayesimama wima mbele ya lango siku nzima. Haikutengenezwa kwa mwanamke anayeinama chini ya mianzi akiwa na begi mgongoni.

Begi langu lilikuwa zuri. Mtafiti mmoja Mzungu aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Lilikuwa na mkanda wa kiunoni kama hilo lako, unaohamisha uzito kutoka mabegani na kuuweka kwenye nyonga. Lakini ule mkanda na ala vilitaka mahali pamoja. Nikifunga mkanda juu ya ala, ngozi na chuma vilinisaga mfupa. Nikiivaa ala juu ya mkanda, ilining'inia na kunipiga paja kila hatua. Nikiisogeza mbele, ilinichoma nilipopanda mlima. Nikiisukuma nyuma, ilikuwa chini ya begi, ambako mkono hauifikii. Jioni nilikuwa na kidonda pale nyongani, na asubuhi nilikuwa nakifunga kitambaa na kuvaa tena juu yake.

Halafu ulikuwepo wewe. Mkuu wa hifadhi alikuwa amesema wazi kwamba mwanamke mwenye mimba haingii msituni. Mimi niliipenda kazi ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Baba yako peke yake ndiye aliyejua. Tumbo halikuonekana bado kwa macho ya watu, lakini mkanda wa begi ulikuwa umeshalijua.

Baba yako aliona ninavyotembea, akaanza kushona. Alichukua mikanda ya begi bovu, ya kijani, na sindano ya kushonea magunia, na jioni kambini alikaa pembeni akivuta uzi kwa meno. Alitengeneza mikanda ya kupita mabegani na kuzunguka mbavu, na katikati akashona mfuko wa ngozi uliolala mshazari kifuani.

"Weka hapa," aliniambia kwa kunong'ona, akiigusa sehemu ile chini ya mfupa wa kifua. "Juu ya mtoto, chini ya matiti. Begi haligusi hapa. Mkono wa kulia unafika, wa kushoto unafika."

"Wataniuliza kwa nini nimeihamisha."

"Waambie nyonga inauma."

"Nyonga ya mwanamke ikianza kuuma, wanaume wote wanajua kuhesabu miezi."

Alicheka, akaziba mdomo wasimsikie. "Basi waambie mumeo ni fundi, anatafuta wateja."

Niliijaribu usiku ule ndani ya hema. Ilinikaa kama mkono wa mtu. Niliinama, nikachuchumaa, nikalala chali, haikunigusa mfupa wowote. Na asubuhi sikuivaa. Niliona aibu, Aline. Niliogopa macho ya watu wawili kuliko mnyama yeyote. Bastola niliitia ndani ya ala yake mpya, nikaviweka vyote begini, chini ya blanketi. Baba yako alinitazama nikifanya hivyo.

"Mpaka tushuke tu," nilimwambia. "Tukishuka nitamwambia mkuu."

Hakuna mwingine aliyetambua. Kambini kwetu tulikuwa na desturi ya kutokula tukiwa na silaha mwilini. Kabla ya sala ya chakula silaha ilitundikwa kwenye mti uliochomekwa kando, mbali na moto, na mwenyewe aliichukua baada ya kunawa. Walioona kiuno changu kitupu asubuhi ile walidhani bado sijaichukua mtini. Baadaye begi na koti la mvua vilifunika kila kitu.

Wale wawili walitangulia. Baba yako alikuwa mbele yangu hatua chache, akikata majani. Nyati alikuwa peke yake ndani ya mianzi, na waya wa mtego ulikuwa umemkata mguu. Hakunguruma. Nilisikia tu pumzi, kama ya mtu anayetua mzigo. Baba yako akasimama. Hakugeuka.

"Daktari," alisema. Kazini aliniita hivyo, kama wenzake. "Piga."

Mkono wangu ulikwenda kiunoni. Ulikwenda wenyewe, kwa sababu miezi yote ulikuwa umezoea hapo, ukaingia chini ya koti na ukakuta shati. Ndipo nikakumbuka. Nilivua begi. Kamba ya mdomo wa begi ilikuwa imelowa na fundo lilikuwa limekaza. Nikaliuma kwa meno. Nikatoa sweta, nikatoa blanketi.

"Daktari."

Mara ya tatu hakuniita Daktari. Aliniita jina langu la nyumbani.

Nilipopiga hewani, nyati aligeuka na kuingia mianzini. Risasi moja tu, na bastola ilifanya kazi yake bila kusita hata kidogo. Baba yako alikuwa chini. Sitakueleza alivyokuwa. Nitakueleza jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mchungaji. Aliiona ile ala ya kijani mkononi mwangu, nayo ilikuwa bado ina joto la mkono wangu, na akatabasamu kidogo. Nadhani alifikiri nilibadili nia njiani nikaivaa. Nikamwacha afikiri hivyo.

Wale wawili walirudi wakikimbia. Walikuwa wamesikia sauti yake kwanza, na mlio baadaye, na mmoja akaniuliza kwa nini nilichelewa. Nikasema, "Iligoma." Lilikuwa neno moja. Lilitoka kabla sijalifikiria, na baada ya hapo sikuweza kulirudisha. Mtunza ghala la silaha alifukuzwa kazi kwa ajili ya neno hilo. Alikuwa mzee mpole aliyefuta kila risasi kwa kitambaa safi. Alikuja msibani, akapiga magoti mbele yangu mbele ya watu wote, akaniomba msamaha. Nami nikamsamehe, Aline. Nilimsamehe kosa langu mwenyewe, naye akalia na kunishukuru. Nilipopata ujasiri wa kuulizia habari zake, niliambiwa ameshakufa.

Neno hilo nililileta mpaka Sydney. Nilikulea nalo. Ulipokuwa mdogo ukiuliza Papa alikufaje, nilikupa hilo, na ulilipokea kama watoto wanavyopokea chakula, bila kuuliza kimepikwa wapi. Sikujua kwamba linakua ndani yako. Sikujua kwamba siku moja utasimama sebuleni kwangu hapa Fairfield na begi mgongoni, uniambie hakuna tofauti bastola iwe wapi, na uniambie hivyo kwa sababu yangu.

Unakumbuka tulipofungiwa majumbani mwaka jana, askari wa jeshi wakawa wanafuatana na polisi kugonga milango ya mtaa wetu? Vijana wale walikuwa wapole, walituuliza tu kama tuko salama na tuna chakula. Mimi nilishika ukuta. Walipoondoka uliniuliza, "Mama, ulikuwa unatafuta nini viunoni mwao?" Nilikujibu kwamba ni mambo ya vita, na wewe ukanishika bega ukidhani umeelewa. Haikuwa vita. Kila nikiona mkanda wa askari, macho yangu yanakwenda kuangalia kama kitu kipo mahali pake.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza mwalimu, maana juu ya hili nina elimu niliyoilipia.

Pilipili ya kupuliza ndiyo ya kwanza. Kelele zenu njiani ni bora kuliko hiyo pilipili, na kukaa mbali na mnyama ni bora kuliko vyote. Bastola ni ya mwisho kabisa, ya wakati ambapo vingine vimeshindwa, na ndiyo sababu lazima iwe pale mkono unapofika bila akili kuamka. Wakati ule akili haipo. Nakuambia kwa sababu yangu haikuwepo.

Usiiweke begini, hata mfuko wa juu. Begi utalivua. Utalivua ukienda kuchota maji, ukienda msalani, ukikaa kupumzika, na mnyama hatasubiri ulirudie. Usiivae kiunoni, umeshaona mwenyewe. Kuna watakaokuambia uivae pajani. Itakuchosha ukipanda mlima, na ukivuka mto itavuta maji na kunaswa na majani. Ivae kifuani. Vaa ala kwanza, begi baadaye juu yake, ili ukivua begi ala ibaki nawe. Mikanda yake isipandane na mikanda ya begi mabegani, la sivyo jioni utakuwa na michubuko, na kesho yake utaanza kutafuta sababu ya kutoivaa. Nyingi hukatwa kwa kifua cha mwanaume. Wewe kaza na ulegeze mpaka ikae chini kidogo na mshazari, na usione haya kumwambia anayekugawia vifaa kwamba haikukai. Mwambie mara kumi kama ni lazima. Mimi nilinyamaza.

Angalia kwamba inafunika kabisa pale kidole kinapovutia, jani wala kamba isiweze kupenya. Igeuze juu chini na uitikise, bastola ikiwa ndani bila risasi, uone kama itadondoka. Ngozi inapendeza lakini ikilowa inavimba, ikikauka inakuwa ngumu kama mti, kwa hiyo huko kwa mvua nyingi chukua zile za plastiki ngumu. Ivae na koti la mvua, kisha bila koti. Chuchumaa nayo kama unapiga deki. Kunywa maji nayo. Tambaa. Lala nayo kidogo. Tembea nayo mchana mzima mjini, kabla hujaiamini porini. Inayokuumiza utaivua, Aline, huo ndio ukweli wote nilioujua maishani kuhusu kitu hiki. Ala nzuri ni ile ambayo unasahau kuivua.

Hemani, iwe mahali pamoja kila siku, ndani ya ala yake, si chini ya mto. Na ile desturi yetu ya kuitundika mtini wakati wa kula usiifuate. Huko harufu ya chakula ndiyo inayomwita dubu. Kula ukiwa umeivaa. Mungu anapokea sala ya mtu aliyevaa ala.

Kuna kitu nakiogopa zaidi ya dubu, nacho ni kwamba utaisoma barua hii na kusema ni kwa ajili ya mimba, kwa hiyo ni kwa ajili yako. Usiseme hivyo. Usiliwaze hata njiani, hata ukiwa umechoka. Wewe hukuniambia niifiche bastola. Baba yako alikuwa ameshatushonea mahali pa kutosha, wewe, mimi na ile bastola. Aliyekataa kuivaa ni mimi.

Sasa kile kitu. Unaujua ule mkanda wa kijani unaofunga sanduku letu kuukuu, ambao wewe umenicheka kwa sababu yake kila mara tukihama nyumba, ukiniuliza kwa nini sinunui mpya pale madukani Bankstown? Ndio ule uliokuwa ukimfungia mwanasesere wako mgongoni tulipofika hapa. Nimeufungua leo. Utaona si mkanda mmoja, ni mikanda iliyoshonwa pamoja, na alama za meno bado ziko kwenye ncha ya uzi. Mfuko wa ngozi uliozea kambini kwa wakimbizi. Mikanda imebaki. Ni mkono wa baba yako huo. Hujawahi kuwa na kitu chake kingine, na hiki umekuwa nacho siku zote bila mimi kukuambia.

Usiutumie kwa bastola ya kweli, uzi umekufa, hautabeba kitu. Ni wa kupimia. Uvae mbele ya kioo, begi juu yake, uchomeke ile chupa ya sanitaiza pale katikati, uone mkono unavyofika. Kisha mtakapogawiwa vifaa, tafuta ala itakayokaa hapo hapo.

Kesho asubuhi gari litakapokuja, nitakuwa nimekaa mwisho wa ukumbi, karibu na mashine yangu, mbali kama ulivyoagiza. Sitaweza kukukumbatia, na wote wawili tunajua kwamba huenda hakutakuwa na siku nyingine ya kukumbatiana. Sitakuuliza kama umesoma. Nitakutazama kifuani. Nikiona kijani chini ya mikanda ya begi, nitajua umesoma mpaka hapa. Nisipokiona, sitasema neno, kwa sababu utakuwa na haki. Nimekuibia baba yako mara mbili, mara moja msituni na mara moja kwa neno lile, na mtu hawezi kusamehe hilo kati ya chakula cha jioni na safari ya uwanja wa ndege.

Nichukie, kama ndicho kitakachokuja. Nichukie huko mtoni kwa muda wowote unaotaka. Ila nichukie ukiwa umeivaa.

Mimi mama yako, upande huu wa ukuta.